Tuktuk Iliyokunywa Maji ya Jabia

Kwa miaka kumi na tisa mama yangu aliwaambia majirani zake wa Faza kwamba mimi, huko ughaibuni, kazi yangu ni kumwaga maji. Hakuwa akinitania. Ndivyo nilivyomweleza mwenyewe kwa simu siku nilipoajiriwa, maana nilikuwa na haraka na salio lilikuwa linakwisha. Kiwanda chetu kinaunda magari ya haidrojeni. Ndani ya gari mna kisanduku. Haidrojeni inaingia upande huu, hewa inaingia upande ule, zinakutana, umeme unatoka, gari linakwenda. Kinachobaki ni maji. Sasa maji hayo yakikaa ndani yanakizamisha kisanduku, na kwenye nchi za baridi yanaganda na kukipasua, kwa hiyo lazima atafutwe mtu wa kuyatoa. Mtu huyo ndiye mimi. Nina shahada mbili za kumwaga maji.

"Yaani anapiga deki," jirani mmoja alimwambia mama.

"Naam," mama akajibu, "lakini wanamlipa vizuri."

Kila nilipokuja likizo nilimsahihisha. Nilimchorea picha. Nilimwekea video. Mwaka mmoja nilimbebea kisanduku chenyewe, kibovu, nikakiweka mezani sebuleni ili akione kwa macho yake. Akakifunika kwa kitambaa cha kufuma na juu yake akaweka redio. Nilikasirika mpaka nikatoka nje bila viatu. Hasira zangu ziko karibu, nimeshaambiwa hivyo kwa lugha tatu. Lakini hebu nifikirie: nimeota mvi kwa ajili ya matone na mvuke, halafu nyumbani kwetu, kisiwani ambako mvua ikichelewa watu hawalali, mimi ndiye binti aliyekwenda Ulaya kumwaga maji.

Basi kiwanda kikaamua kujaribu tuktuk ya haidrojeni mahali penye jua, mchanga na chumvi. Nilinyoosha mkono kabla mkubwa wetu hajamaliza kusema. Nikamwambia kisiwa cha Pate kina vyote vitatu. Sikumwambia kwamba upande mmoja wa kisiwa yuko mama yangu na upande wa pili yuko mama mkubwa, dada yake, na kwamba hawajaonana mwaka wa tatu.

Kutoka Faza hadi Siyu si mbali. Mtu mwenye magoti yake hutembea asubuhi akafika kabla ya adhuhuri. Mama hana magoti. Kwa bahari, ukifika Siyu unateremka kwenye matope katikati ya mikoko, na hapo tena magoti. Kuna bodaboda, lakini mama alikata shauri mapema kuhusu bodaboda. "Nimkumbatie mwanamume nisiyemjua," alisema, "kwa umri huu, halafu nimlipe mimi?" Mama mkubwa naye alikuwa hatoki tena kitandani. Kwa hiyo walipigiana simu. Mama mkubwa alikuwa amekuwa kiziwi, na mama alikuwa na imani kwamba simu husikia zaidi ukiipigia kelele, hivyo mtaa mzima ulikuwa unajua habari zao. Kila mara mama mkubwa alimaliza kwa maneno yale yale: "Sauti yako nishaichoka. Nataka nikuone uso." Mama akiweka simu chini hukaa kimya muda mrefu, na kwa mama yangu kukaa kimya ni ugonjwa.

Nilitaka kumpeleka. Hilo tu. Kwenye maombi ya majaribio niliandika kurasa nyingi kuhusu mchanga.

Tuktuk ilikuja kutoka Mokowe juu ya boti, imefungwa plastiki, pamoja na sola zake na mtambo wa kupasulia maji, maana haidrojeni tungeitengeneza papo hapo: jua linatoa umeme, umeme unapasua maji, gesi inaingia tangini. Pamoja nayo alikuja msimamizi wa mradi, bwana mmoja wa bara, mpole, mwenye buti na ubao wa kuandikia ambao nadhani alilala nao. Aliniita "Injinia" tu. Alipewa siku kumi, kisha tuktuk irudi ilikotoka.

Siku ya kwanza tukafungua masanduku na kukuta chujio la maji ya bahari limevunjika. Spea ingechukua mwezi. Maji ya kisima yana chumvi, na chumvi kidogo tu ingeua mtambo. Kilichofaa ni maji ya mvua.

Na mimi, mtoto wa hapo hapo, nilijua yalipo. Nyuma ya msikiti wa mtaa wetu kuna jabia, tangi kubwa la chokaa lililojengwa zamani kukinga mvua. Aliyelijenga ni bibi mmoja tajiri ambaye jina lake halikumbukwi. Sharti lake linakumbukwa, kwa sababu alilichongesha ukutani kwa herufi za Kiarabu, na sisi watoto wa chuo cha Kurani tulilazimishwa kulihifadhi: kwa mwenye kuswali na mwenye kiu. Nilikwenda asubuhi na madumu mawili, nikaukuta mlango wa jabia umeachwa wazi, nikachota, nikaondoka nikipiga mluzi. Sikumwuliza mtu.

Hapa ndipo ninapoona haya hata leo. Maji yale ni ya wakfu. Kitu kikishawekwa wakfu kimetoka mikononi mwa watu, hakiuzwi, hakiazimwi, na hutumika kwa lile alilotaja mwenye kukiweka, basi. Mkeka wa wakfu hautoki msikitini hata ukitoboka. Mtoto wa miaka sita Faza anajua hayo. Mimi nilipokuwa na miaka sita niliyajua. Nadhani niliyasahau mahali fulani kati ya shahada ya kwanza na ya pili.

Mtambo ulifanya kazi siku nne. Tangi likajaa gesi ya kutosha kwenda Siyu na kurudi, na akiba kidogo. Msimamizi akafurahi, akasema lazima tuwaonyeshe wananchi. Tukaileta tuktuk uwanjani, mbele ya msikiti, watu wakajaa, akashika kipaza sauti.

"Gari hili halitoi moshi!" akasema. "Je, linatoa nini? Linatoa maji tu!"

Nikabonyeza swichi. Watu wakangoja. Wakaendelea kungoja.

"Washa basi!" mama akapiga kelele kutoka kwenye kundi la wanawake.

"Imewaka, mama."

"Mbona kimya?"

"Ndivyo ilivyo."

"Basi imekufa," mama akawaambia wenzake, na nikasikia wakimpa pole.

Nikazunguka uwanja mara tatu ili kumkomesha. Matone yakaanza kudondoka nyuma, mchangani. Watu wakainama kuyatazama. Ndipo akajitokeza mwadhini, mzee mwembamba ambaye ameshika ufunguo wa lile jabia tangu mimi sijazaliwa. Akakinga kidole, akanusa, akaonja.

"Maji haya yametoka wapi, mwanangu?" akaniuliza.

"Yametoka kwenye haidrojeni, ami."

"Na hiyo imetoka wapi?"

"Kwenye maji."

"Maji gani?"

Nilitazama ukuta wa jabia, nikayaona yale maandishi, na nikakumbuka kila kitu kwa mpigo, pamoja na fimbo ya mwalimu wa chuo. "Ya jabia, ami," nikasema.

Msimamizi alikuwa bado anatabasamu, masikini, kipaza sauti mkononi. Aliyesema kwanza ni mama.

"Alaa! Mwatwaa mai yetu, mwayararua, mwayashona tena yakiwa machache na yana moto, halafu mwataka tupige makofi?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwadhini hakucheka. Alikuja taratibu, akachomoa ufunguo wa tuktuk na kuutia kwenye mfuko wa kanzu yake, pamoja na ule wa jabia.

Kikao kilifanyika siku ile ile kwenye baraza la msikiti, wazee watano na sisi wawili. Msimamizi alianza kwa adabu. Akasema amesikitika sana na atanunua makatoni ya maji ya chupa, safi, zaidi ya yaliyochukuliwa, na mambo yaishe.

"Hayo siyo yale," mwadhini akasema.

"Mzee, maji ni maji."

"Mwanao akipotea utapewa mwingine ukanyamaza?"

Msimamizi akanitazama kuomba msaada. Nikatazama buti zake.

Kisha mwadhini akaeleza hukumu, polepole, kama anayemweleza mgeni njia. Kitu cha watu kikiangamia, hulipwa mfano wake. Kitu kikiwapo, hurudishwa chenyewe. Maji yaliyodondoka mchangani yameangamia, kwa hiyo makatoni yataletwa kwa ajili ya hayo. Lakini yaliyomo tangini?

"Yamo?" akaniuliza.

"Yamo, ami. Lakini kwa sasa si maji."

"Yatakuwa maji?"

"Yakichanganyika na hewa yatakuwa."

"Yote?"

"Kila tone."

"Basi hayajaangamia," akasema. "Yamo safarini. Yatarudi jabiani."

Nimesoma kemia katika nchi mbili na sikupata kueleweshwa vizuri namna ile kwamba kitu hakipotei, hubadilika tu. Nilitaka kumkumbatia na kumnyonga kwa wakati mmoja.

Mzee mwingine akapendekeza jambo rahisi: tuktuk iletwe kinyumenyume hadi kwenye jabia, iwashwe pale pale, ikae inanguruma, nikamwambia haingurumi, basi ikae kimya, mpaka maji yote yatoke. Wote wakaafiki. Msimamizi naye akaafiki, kwa kuwa kwenye fomu yake kulikuwa na nafasi ya jaribio la kusimama. Nikapiga hesabu kichwani. Tangi likimalizika pale jabiani, hakuna safari ya Siyu. Maji mengine ya kupasua hakuna, chujio hakuna, na zimebaki siku nne.

Niliomba kikao kiahirishwe hadi kesho, nikaenda nyumbani. Mama alikuwa ameshapigiwa simu na mjukuu wa mama mkubwa. Mama mkubwa hali tena chakula. Anakunywa funda moja, anageuza uso ukutani. Mama hakuniambia neno la tuktuk. Aliliteremsha buibui lake kutoka msumarini, akalikung'uta, akalitazama, akalirudisha msumarini.

Usiniulize jinsi nilivyorudi barazani asubuhi. Niliwasemesha wazee kwa sauti isiyofaa, na mimi mwanamke, na tena mwenye makosa. Niliwaambia magurudumu yazunguke yasizunguke maji ni yale yale. Niliwaambia nipeni hiyo tuktuk iende Siyu irudi, nimpeleke mama yangu akamwone dada yake kabla hawajafa, na njia nzima nitayakinga maji yenu tone kwa tone, na likipungua moja nichapwe hapa hapa uwanjani. Wazee walikuwa wanatazama chini, na msimamizi alikuwa ameacha kuandika.

"Na nani atashuhudia kwamba umeyakinga?" akauliza yule mzee mwingine.

"Mimi," mwadhini akasema. "Nitaandamana nayo."

Sasa njoo uone maajabu. Kwa miaka kumi na tisa nimetafuta njia ya kuyatimua maji haraka, na sasa nilikuwa na siku mbili za kujifunza kuyazuia, tena mvuke wake, tena kwenye joto la Faza. Nilimpigia simu mkubwa wangu kiwandani kumwuliza kama kuna mtu pale anayejua kulizuia tone lisipotee. Akaniuliza kama nimepigwa na jua. Nikamkatia. Kwa fundi wa friji nikapata bomba jipya la shaba, nikalizungusha kama konokono, nikaliosha kwa maji ya moto na ndimu, nikalizungushia gunia lililoloweshwa maji ya kisima ili lipoe, kichwa chake nikakifunga nyuma ya tuktuk panapotoka mvuke, na mwisho wake nikauingiza kwenye dumu jipya. Mdomo wa dumu ulihitaji kitu cha kuzuia vumbi. Mama alikwenda sebuleni, akaondoa redio, akaniletea kile kitambaa cha kufuma.

"Uchafu ukiingia watasema sisi," akasema.

Likabaki la msimamizi. Bima haikuruhusu abiria. Iliruhusu mzigo wa majaribio, kilo mia moja kamili. Tukaenda kwenye mizani ya duka la mchele. Mama akapanda na buibui lake: kilo arobaini na nne. Mwadhini akapanda na kanzu yake: hamsini na moja. Nikaongeza kilo tano za mchele wa kumpelekea mama mkubwa. Msimamizi akaandika "Mzigo: 100", akafunika kalamu, akanivuta kando.

"Injinia, mzigo hauongei. Ukiongea mimi siwezi kusaini."

"Bwana we," nikamwambia, "huyu wa kwangu humjui."

Tukaondoka asubuhi. Mimi mbele kwenye usukani, nyuma mama upande huu, mwadhini upande ule na dumu katikati ya miguu yake, mchele katikati yao kwa ajili ya heshima. Msimamizi alitufuata kwa bodaboda ya petroli, moshi mweusi ukimtoka nyuma, akiandika jinsi gari letu lilivyo safi.

Taabu ya gari lisilo na sauti ni kwamba hakuna anayeondoka njiani. Punda hawakutusikia. Mbuzi hawakutusikia. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani tulimkaribia mpaka nikaweza kusoma maandishi ya leso yake, na honi ilikuwa imeshakufa kwa chumvi. Mwadhini akaona hapana. Akaweka kiganja sikioni kama anapoadhini, akavuta pumzi, akaachia sauti ya miaka yake yote, kuomba njia kwa lugha ya kwetu: "Ndiaaa!" Mama wa kuni akaruka vichakani. Mbele kidogo mwanamume aliyekuwa akilima aliweka jembe chini, akatazama jua, akatazama saa yake, akashika kichwa.

Mchanga wa katikati ukatunasa, kama nilivyoandika kwenye kurasa zangu zote. Nikawaomba washuke tusukume. Mwadhini akashuka, dumu mkono mmoja, mkono wa pili bodini. Msimamizi akaweka ubao chini, akasukuma na buti zake. Mama hakujongea.

"Mama, shuka basi."

"Mimi ni mzigo," akasema. "Mzigo hausukumi."

Tulimsukuma na mchele wake. Tulipotoka mchangani mwadhini alipanda, akafunua kitambaa cha dumu, akachungulia. "Yanaongezeka," akasema, na uso wake ulikuwa wa furaha kabisa, akajaribu kuuficha.

Tukafika Siyu. Kwa mama mkubwa mwadhini alikaa dakani, kwenye kiti cha mawe cha mlangoni, na dumu lake. Mimi nikamshika mama mkono tukaingia. Mama mkubwa alikuwa amelala ubavu, amebaki mifupa na macho. Mama akaketi ukingoni mwa kitanda akamshika uso kwa mikono miwili. Hawakusema kitu kwa muda, watu hawa wawili ambao walikuwa wanasikika mtaa mzima.

"Umezeeka," mama mkubwa akasema mwishowe.

"Na wewe umekuwa mbaya," mama akamjibu, karibu kabisa na sikio.

"Umekuja na nini? Sikusikia gari."

"Hata mimi niliyekuwamo sikulisikia."

Wakacheka. Mama mkubwa alicheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa akaomba maji.

Mjukuu akaleta kikombe. Mama mkubwa akagusa mdomo, akageuza uso. "Chumvi," akasema. Mjukuu akatueleza kwamba jabia lao limekauka, wanatumia kisima, na bibi tangu juzi hayataki. Akaomba tena. Alikuwa na kiu, mtu mzima yule, midomo imepasuka, na anaomba maji kama mtoto.

Mimi nilisimama pale nikiwa nayajua maji yalipo. Hatua nane kutoka kitandani. Nami nilikuwa nimeapa mbele ya wazee tone lisipungue. Niliyachukua madumu mawili bila kumwuliza mtu, na sasa kuomba kikombe kimoja mdomo haukufunguka. Niliona aibu hadi nikasikia masikio yanawaka. Nikamtazama mama. Naye hakusema, kwa kuwa anaijua wakfu kuliko mimi.

Kutoka dakani nikasikia mwadhini akikohoa.

"Leteni kata," akasema.

Nikatoka nayo. Alikuwa amekwisha kufunua kitambaa na kukikunja vizuri gotini. Akaniambia niishike kwa mikono yote miwili.

"Lile jabia lina sharti," akasema. "Unalikumbuka?"

"Kwa mwenye kuswali na mwenye kiu."

"Gari halimo." Akainamisha dumu. Hakumwaga hata tone. "Huyu yumo. Mpelekee."

Nikamwinua mama mkubwa kichwa, nikamnywesha. Alikunywa kata nzima bila kupumzika, macho yamefumba.

"Maji haya hayana ladha," akasema.

"Hayana, mama mkubwa."

"Hayana hata kidogo. Nitie mengine."

Nikaenda nikatiliwa kata ya pili, na njiani nililia waziwazi, mbele ya mwadhini na mbele ya msimamizi aliyekuwa amesimama uani kashika kofia yake.

Wakati wa kurudi mama alikataa kupanda. Alishavua buibui na kulitundika kwenye msumari wa dada yake. Msimamizi akahangaika na fomu: mzigo umekwenda kilo mia na hauwezi kurudi hamsini na moja. Mjukuu akatuletea magunia ya nazi, tukajaza mpaka ikatimia. Mwadhini alirudi Faza ameketi na nazi, akiita "Ndiaaa!" hadi uwanjani.

Pale jabiani wazee walimngoja. Tuktuk ikaachwa inawaka mpaka akiba ya tangini ikaisha, kisha akayarudisha maji kata kwa kata, wote wakihesabu kwa sauti na kulinganisha na hesabu niliyowapa ya maji ya tangini. Kisha msimamizi akamimina na yale ya chupa, chupa moja moja, mpaka mikono ikamwuma.

"Yamepungua kata mbili," akasema yule mzee mwingine.

"Yametimia," mwadhini akasema.

"Nimehesabu. Mbili hazipo."

"Yametimia," akarudia, na akanirudishia kitambaa cha mama kikiwa kimekunjwa.

Tuktuk ilipanda boti kurudi Mokowe kabla ya siku ya kumi. Kwenye ripoti niliandika kuhusu mchanga, chumvi na honi. Mkubwa wangu alisema ni ripoti nzuri.

Mama mkubwa alifariki wiki iliyofuata, mama akiwa amemshika mkono. Nilikuwa nimeomba likizo nikabaki. Matangani nilikuwa uani naosha vikombe vya kahawa, na ndani nikamsikia mwanamke mmoja mgeni akimwuliza mama: huyu binti yako, wasema yuko Ulaya, hufanya kazi gani? Nikakaza meno. Nililijua jibu, nimelisikia miaka kumi na tisa.

"Huyu?" mama akasema. "Huyu ndiye aliyemnywesha dada yangu."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumsahihisha, kwamba aliyemimina ni mwadhini, na kwamba mimi kazi yangu hasa ni kisanduku. Nikaufunga. Nikachukua kikombe kingine nikaosha, na maji ya kusuzia sikuyamwaga, niliyatia kwenye ndoo ya kuoshea vingine.